Jembe Lenye Utando wa Buibui

Yuliana ndiye aliyeuona kwanza. Kati ya jembe na mpini wake, buibui mdogo alikuwa amefuma utando, na umande ulikuwa umetungika juu yake kama shanga. Alijua anapaswa kuufuta. Lakini buibui mwenyewe alikuwa bado yumo, amejikunyata kwa baridi. Akamwonea huruma, akaliweka jembe begani taratibu, akaanza kuteremka kuelekea kijijini Kinole.

Jembe hilo lilikuwa halijagusa udongo tangu kipupwe kianze. Kila asubuhi Yuliana alitoka nalo nyumbani, akalificha kwenye magugu ukingoni mwa msitu, kisha akapanda, amejitanda kanga mbili, mpaka penye gogo kubwa lililoanguka. Hapo alikaa. Jua lilipopenya ukungu, mbega walikwea matawi ya juu kabisa na kuligeuzia vifua, manyoya meupe yakining'inia mabegani mwao kama mitandio ya wamama wa kwaya. Mmoja alikuwa na mtoto mweupe pe, na kila alipojaribu kuchungulia, mama yake alimvuta mkia. Yuliana aliwatazama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Mwanamke wa kwao hatembei bure. Huenda shamba, huenda kisimani, huenda kuni. Anayezurura mikono mitupu ana jina lake, na si zuri. Wageni waliopita na darubini shingoni walikuwa na kazi zao za kisomo. Yeye aliyeishia darasa la tano angesema anasoma nini? Kila alipoliwaza swali hilo, uso ulimwaka.

Josephina alikuwa uwanjani kwake na wanawake wawili, wakikwangua magome ya mdalasini. Alikuwa mtani wa ukoo wa kina Yuliana, na mdomo wa mtani haufungwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani mchafu. Hebu simama hapo!" Josephina aliinuka, akalichungulia jembe. "Jamani, njooni muone! Jembe la mwenzetu limehamiwa na wapangaji! Huko shambani unalima, mwali, au unalimwa?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Yuliana hakucheka nao. Aliufuta utando kwa kiganja, haraka, na buibui akaenda nao.

Maneno yale yalifika mbali kuliko Josephina alivyokusudia. Kule juu alikotokea Yuliana, karibu na msitu, palikuwa na shamba moja tu, la karafuu, na mwenyewe ni Athanas, mume wa Joyce. Kabla jua halijazama, Joyce alikuwa amesimama uwanjani kwa mama yake Yuliana. Mjomba Bonifasi, ambaye neno lake ndilo huamua mambo ya ukoo, alikuwa ameitwa na kupewa kigoda. Josephina naye alikuja, akabaki pembeni.

"Vitu vyangu nimeshafunga," alisema Joyce. Hakuja kugombana, sauti ilikuwa imechoka. "Nataka nisikie kwake mwenyewe. Akisema ndiyo, kesho narudi kwetu Mkuyuni na wanangu."

"Sema, mwanangu," alisema Mjomba Bonifasi kwa upole. "Uko na Athanas? Ni jambo la kibinadamu. Tutalimaliza."

Jambo la kibinadamu. Yuliana aliona lilivyokuwa jepesi: angeinamisha kichwa tu, na wote wangemwelewa. Msichana na mwanamume, nani asiyelijua hilo? Lakini hayo ya mbega wangeyacheka mpaka azeeke, na Josephina angeyatia kwenye kila arusi na kila msiba.

Akainamisha kichwa. Ndipo alipoiona miguu ya Joyce. Kandambili moja nyekundu, nyingine ya buluu. Ametoka nyumbani bila kujitazama.

"Haya, jibu," mama yake alinong'ona. "Ndiyo au siyo?"

Kiganja kilimwasha, kana kwamba ule utando ulikuwa bado umemganda, ingawa alishanawa mara nyingi.

"Siyo, mama," Yuliana alisema, macho yakiwa bado kwenye zile kandambili. "Athanas hata sijawahi kuonana naye huko. Nafuata mbega. Kukiwa na baridi wanapanda juu kuota jua, nami nakaa nawatazama. Silimi, mjomba. Sifanyi kitu chochote. Natembea tu, kwa sababu napenda."