Dakika za Glenys

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, karakana ya wazee katika mji mdogo wa Moonta huacha kuranda mbao na kupokea kompyuta zilizokwisha kukatiwa tamaa. Mtu huja na yake kuukuu, akaondoka nayo ikiwa na Linux, mfumo wa bure unaozifufua mashine kama hizo. Mkuu wa shughuli hiyo ni Lindsay Trewartha, fundi simu mstaafu, mtu mwema sana, na ubishi wake ni mkubwa kuliko wema wake.

Jumamosi hiyo alikuja Nerida Polkinghorne, mjane wa miaka sabini na minne, kaikumbatia kompyuta mpakato yenye kioo kipana. Dada yake Glenys alikuwa amelazwa hospitalini Perth, mbali sana, na madaktari walishamaliza la kufanya. Nesi aliahidi kumwekea kamera kitandani kuanzia saa sita mpaka saa sita u nusu, basi, kwa kuwa mgonjwa alichoka upesi. Macho ya Nerida nayo yalikuwa yamefifia. Sura kwenye simu kwake ilikuwa ukungu mtupu, na alitaka kumwona dada yake, si kumsikia tu.

"Naomba nimwone uso, Lindsay. Hayo mengine utajua mwenyewe."

"Utamwona mpaka umchoke," Lindsay akamjibu.

Saa tano u nusu Linux ilikuwa imekwishaingia. Waifai ilishika bila kubembelezwa, kamera ikawaka, spika zikalia, hata printa ya karakana ikajitokeza yenyewe kwenye orodha. Kilichogoma ni kile kidude cha kusoma alama ya kidole.

"Kiache," Nerida akasema. "Kidole changu nakijua."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akanywa chai. Lindsay hakuweza. Alianza na Linux zama zile ambapo kupata sauti tu kulikula wikiendi nzima, na kadi ya waifai ilimfanya mtu mzima alie. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akaikagua kadi ya kompyuta ya Nerida, akaguna.

"Hii naifahamu. Itamkatikia katikati ya mazungumzo. Ngoja niitilie draiva yangu, programu ya kuiendesha."

"Draiva ya nini, wewe?" Kym Daddow, mwenzake wa karakana, akadakia huku mdomo umejaa pasti, andazi la nyama. "Kitu kinafanya kazi! Unamchokonoa mgonjwa aliyepona?"

"Kula, Kym. Hiyo pasti inapoa."

Akaitia draiva, akaizima kompyuta, akaiwasha. Waifai haikuwepo. Haikuwa dhaifu wala haikukatikakatika, ilikuwa imetoweka kabisa. Draiva yake ilikuwa imeifungia nje ile iliyokuja na mfumo, kisha yenyewe ikashindwa kusimama. Mashine ilikuwa nyembamba mno, haikuwa hata na tundu la waya wa mtandao.

Saa sita ikagonga. Lindsay aliandika amri, akafuta, akaandika tena, na jasho likamtiririka. Nerida alikaa kando yake na mkoba mapajani, nywele kazitengeneza vizuri. Nywele zile zilimuumiza Lindsay kuliko matusi. Ilipofika saa sita na robo alikuwa bado anahangaika, maana alitaka kuitengeneza, na kukiri hakutaka.

"Lindsay," Kym akamwita, na safari hii hakuwa na mzaha. "Ondoa mikono, ndugu yangu. Iwashe kwa ile flashi uliyosimikia Linux, mfumo mzima umo. Humo hujagusa kitu."

Aliondoa mikono. Flashi ikachomekwa, mfumo ukaamka ukiwa mpya, na waifai ikashika kama asubuhi. Kym akamsomea Lindsay anwani ya nesi kutoka kwenye karatasi ya Nerida. Saa sita na dakika ishirini na mbili uso mdogo wenye mipira ya oksijeni ukajaa kioo kizima.

"Neri," uso ule ukasema. "Mbona umenenepa hivyo?"

Nerida akacheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili pamoja. Lindsay hakustahimili. Akatoka nje, akasimama nyuma ya karakana mpaka muda ulipokwisha.

Glenys alifariki Jumatano.

Mwezi uliofuata Nerida alirudi na keki, akiwashukuru watu wote. Lindsay alimvuta pembeni kabla hajaikata.

"Mama, usinishukuru mimi. Kompyuta yako haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa nzima, nikaiharibu mimi kwa kutoiamini. Ulikuwa na dakika thelathini. Ishirini na mbili nilizila mimi."

"Najua. Nilikuwa nimekaa pale pale, macho yamefifia lakini si masikio."

"Zile nane zilikutosha?"

Nerida akamtazama, akitafuta uso wake katika ukungu.

"Hazikutosha," akasema. "Hata thelathini zisingetosha. Na nilikukasirikia wiki nzima, nisikufiche." Akavuta kiti, akakipigapiga kingine kwa kiganja. "Sasa kaa hapa. Wewe ulitoka nje, hukusikia. Nikwambie alichosema Glenys."