Kalamu ya Majani Yanayoanguka

Kila asubuhi mwanga wa Minto, mtaa wetu huku ugenini, uliingia kwa dirisha la jikoni, ukavuka sebule, ukafika kabatini kwenye sahani za wageni, na hapo, Balthazar wangu, ukaiwasha kalamu yako. Uliitazama nyuma ya kioo, chai mkononi, kabla ya kwenda kubeba maboksi ghalani.

Kalamu ya wino, nyeusi kama sufuria iliyokolea moshi. Fundi wa Japani aliinyunyizia vumbi la dhahabu, akachora majani mekundu yakianguka, moja, moja, hadi chini. Ange, binti yetu, aliinunua mjini kwa mshahara wake wa kwanza wa kutunza wazee. "Papa, Wajapani wanapenda jani even when it's falling," alikuambia. Ulicheka, wewe mwalimu wa zamani wa kule kwetu Uvira, ukasema jani lililoanguka ni kazi ya fagio.

Lakini uliipenda hadi ukaogopa kuigusa. Nzuri mno kwa siku ya kawaida, ulisema. Ukaijaza wino, ukaifungia kabatini, ingojee siku ya kusaini ndoa ya Ange.

Siku hiyo haikufika. Ange alihamia kwa mpenzi wake Égide, huko Merrylands, kabla wazee wa kijana hawajaja kubisha hodi, kabla ya mahari, kabla ya neno lolote. "Miye sina tena mutoto," ulisema. Miaka miwili kalamu ilikaa na wino wake, nawe na hasira yako. Nilikupikia, Balthazar, na nilikuchukia.

Kisha mapafu yakakuangusha. Hospitalini Campbelltown wakakutia mpira kooni, sauti ikaisha. Nilipokuambia Ange yuko njiani, ulifumba macho, ukayafumbua, ukaandika hewani kwa kidole. Nikakupa kalamu ya nesi, ukaitupa. Nikakupa ya mkobani mwangu, ukaitupa. Kidole chako kikachora jani likishuka, likishuka, nikaelewa.

Nilipanda treni hadi nyumbani. Nikafungua kabati, nikarudi nikihema, nikakuwekea kalamu mkononi na karatasi kifuani. Ulisukuma kwa nguvu zote ulizobakiwa nazo. Ikakwaruza tu.

"Wino imekauka ndani kabisa, mama," alisema Jacky, nesi wa Kenya. "Wacha nijaribu kuosha na maji moto."

Akasimama kwenye sinki, akaosha, akaosha, buluu ikatoka nzito, ikatoka nyepesi. Nzuri mno kwa siku ya kawaida. Nilikushika mkono, na mkono ukalegea, na mashine ikalia, na Jacky akaiacha kalamu akaja mbio.

Ange aliingia na sare ya kazini. Aliilalia miguu yako, akalia. Halafu akaiona kalamu kwenye sinki, bado inadondosha maji.

"Mama, he asked for it? Alitaka kuandika nini?"

Baraka zake, nilitaka kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini niliuona tena uso wako ukisukuma kalamu ile, uso niliolala nao miaka yote, na sikujua kama ulikuwa wa baba anayesamehe au wa baba anayefunga mlango.

"Aliitaka hiyo yako," nilimwambia. "Zingine alizitupa. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu."

Ange alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Akaifuta kalamu kwa upindo wa sare, akaitumbukiza mkobani, bila boksi, bila kitambaa, pamoja na funguo na sarafu. Nilisikia dhahabu ikikwaruzwa. Sikumzuia.