Mtu wa Kwanza wa Timu Namba Saba

Klabuni walimwita Dira, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya mbio za ramani hakuwahi kupotea msituni hata mara moja. Nyumbani hakukuwa na wa kumwita chochote. Aliwalea wadogo zake wanne tangu wazazi wao walipofariki, akawasomesha, akawaoza mmoja mmoja, na yule kitinda mimba alipofungasha virago na mkewe kufuata kazi mji wa mbali, miezi minane iliyopita, Dira alibaki na nyumba ya vyumba vitatu, viti sita vya mezani na masufuria makubwa yasiyo na wa kupikiwa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Hakuoa, kila alipofikiria kuoa palikuwa na mtoto wa kupelekwa shule.

Kazi yake nayo haikumsaidia. Alikuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, nyuma ya dirisha dogo la kioo. Wauguzi walipitisha vichupa vya damu kwenye upenyo wa chini, naye akapitisha majibu kwenye upenyo huohuo. Angeweza kukutajia wenye upungufu wa damu wodi nzima, lakini akipishana nao langoni hamjui hata mmoja. Kuna siku alitoka kazini akagundua kwamba neno pekee alilotamka tangu asubuhi ni "nyingine".

Mbio za ramani, kwa asiyezijua, ni mchezo wa watu wanaopenda kuachwa. Unapewa ramani, dira na kadi. Msituni kuna vibendera vya rangi ya chungwa. Unavitafuta kwa mpangilio, kila kimoja kina kikoleo cha kutobolea kadi yako, na ukivimaliza unatoka. Hakuna kuongozana, hakuna kuulizana. Klabu ilikuwa na wanachama kumi na mmoja, na kila Jumapili kila mmoja alifika kwa wakati wake, akakimbia, akaangalia muda wake, akaaga kwa kichwa akaenda zake. Mambo hayo yalimfaa Dira alipokuwa na nyumba iliyojaa kelele. Sasa alikuwa anatoka kwenye ukimya wa maabara anaingia kwenye ukimya wa msitu, kisha anarudi kwenye ukimya wa sebule, na moyo ulikuwa umeanza kumlemea.

Ndipo ikaja barua kutoka klabu jirani: mashindano ya kupokezana, timu za watu watatu. Wa kwanza anaingia msituni, akitoka anamgusa wa pili mkono, na wa pili akitoka anamgusa wa tatu. Dira, ambaye ndiye aliyekuwa katibu, aliisoma barua mara nne akiwa amesimama jikoni. Kilichomshika si ngao wala makofi. Kilichomshika ni ule mstari wa kupokezana: kwamba kuna mtu atasimama pale, macho msituni, hana kazi nyingine duniani ila kumngoja yeye.

Hilo hakulisema. Kwenye mkutano alisema kupokezana kutaongeza wanachama.

"Mimi watu wananikoholea usoni siku sita," alisema mfamasia, mwanamke wa maneno machache aliyekimbia vizuri kuliko wote. "Ya saba naitaka miti. Miti haikohoi."

"Katibu, mimi nikipotea napotea na aibu yangu mwenyewe," alisema fundi bomba, waliyemwita Roketi kwa sababu alikuwa na kasi ya ajabu, ila mara nyingi kuelekea siko. "Sasa unataka nipotee na aibu ya watu watatu?"

Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mzee wa miaka sabini mwenye goti bovu lililomwachisha kukimbia, aliamua tu kwamba wanaotaka wajiandikishe ubaoni. Dira akabandika karatasi. Wiki ya kwanza ilikuwa na jina lake. Wiki ya pili ilikuwa na jina lake, na chini yake mtu ameandika: kupokezana nini, mafua? Wiki ya tatu karatasi ilikuwa imeanguka sakafuni, na aliyeipandisha tena ni yeye.

Ningekuwa mimi ningekata tamaa, nikanunua redio. Dira aliingiza ujanja. Jumapili iliyofuata alifika mapema, akapanga ndoo kumi kwenye uwanja wa mpira ulio kando ya msitu, kila ndoo na kibendera chake, akachora ramani kwa mkono. Kila aliyetoka msituni alimdaka: "Kabla hujaondoka, nisaidie dakika kumi tu, kuna kitu nataka kujaribu." Kwa dakika kumi nani atakataa? Wakajikuta watu sita, timu mbili, wanapokezana kuzunguka ndoo. Roketi akairuka ndoo ya nne akaenda ya tisa. Mfamasia, aliyekuwa anamngoja, akapiga ukelele ambao hakuna aliyejua kwamba anao: "Ya nne, baba! Ya nne! Hayo macho umeyaweka ya nini?" Mwenyekiti alicheka mpaka akalishika goti. Walirudia mara tatu, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuaga kwa kichwa. Karatasi ikapata majina sita.

Kwa miezi miwili walifanya mazoezi, na Dira akawa mkali kuliko mwalimu wa zamu. Alilolihubiri zaidi ni la mwisho wa njia. Ukitoka msituni utakuta njia mbili zimetengwa kwa kamba: ya kushoto inakwenda kwa mwenzako anayekungoja, ya upande wa pili inakwenda kwenye utepe wa kumalizia, na hiyo ni ya mkimbiaji wa tatu peke yake. "Mazoea yatawavuta kwenye utepe," alisema. "Mmezoea kumaliza." Alilisema hilo mpaka Roketi akawa anamwigiza, kidole juu na pua kaibana.

Walipogawana nafasi, kila mtu alitaka kuwa wa tatu, maana wa tatu ndiye anayepigiwa makofi. Dira aliomba kuwa wa kwanza. Wakadhani ni unyenyekevu, wakampanga mfamasia awe wa pili wake na Roketi wa tatu. Kumbe mwenzao alishapiga hesabu zake: wa kwanza anangojwa na timu nzima.

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Timu zilikuwa tisa, mbili kati yake za klabu yao, na kipaza sauti kilikoroma juu ya mti. Mfamasia alimbandika Dira namba saba kifuani kwa pini nne. "Usichelewe," alimwambia. "Misuli yangu ikipoa inagoma." Filimbi ikalia.

Alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani. Bonde, kichuguu, kijito kilichokauka, kila kitu kilikuwa pale ramani iliposema kipo. Kwenye kibendera cha sita alipoteza nusu dakika, akaifidia kwenye mteremko, na alipotoka mitini mbele yake walikuwa wametangulia wawili tu.

Sasa sikiliza. Macho kwenye ramani, pumzi kooni, miguu ikafanya ilichokuwa inafanya kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa. Ikampeleka kwenye utepe, kwa njia iliyopita nyuma ya vichaka, wenzake wasimwone akitoka. Binti wa mezani aliipokea kadi yake huku anaongea na mwenzake, hata hakumtazama. Dira akachukua chupa ya maji, akaenda chini ya turubai, akakaa, akavua kiatu kimoja.

Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemjia. Watu walikuwa wanawashangilia wengine. "Haya," akajisemea, "hata leo." Miezi miwili ya ndoo na karatasi za ubaoni, na bado amekaa peke yake anakunywa maji ya uvuguvugu. Aliona uchungu, na aliona aibu kwa kuuona. Akawaza kwamba akifika nyumbani ataandika barua ya kujitoa klabuni.

Kipaza sauti kikakohoa. "Timu namba saba, mtu wenu wa kwanza bado? Namba saba."

Maskini, akawaza Dira, kuna mtu kapotea. Akainama kufungua kiatu cha pili, na namba ikamtazama kutoka kifuani kwake, saba, na pini zake nne.

Akainuka. Ng'ambo ya kamba, hatua thelathini hivi, wenzake walikuwa wamempa mgongo. Mfamasia alikuwa mstarini, amesimama kwa ncha za vidole, mkono kaunyosha mbele, na mkono ulishakaa hewani muda mrefu. Roketi alikuwa ameweka viganja mdomoni anaita, "Kakaaa! Huku, kaka!" Mwenyekiti alikuwa amepanda juu ya kiti, na lile goti lake bovu. Wote watatu walikuwa wanautazama msitu, na msituni hamkuwa na mtu wao.

Hapa sitamtetea. Alipaswa kukimbia papo hapo. Timu ya nne ilishapokezana, ya tano ilikuwa inatoka. Lakini Dira alisimama pale na soksi moja akawaangalia wanavyomngoja, akawaangalia tena, kama mwenye njaa aliyewekewa sahani akaogopa kuigusa. Ilipita dakika nzima, labda zaidi. Timu ilimaliza ya nane kati ya tisa, nalisema sasa tulimalize, na ile dakika ni yake, hakuna wa kumsingizia.

Kisha mkono wa mfamasia ukashuka. Aliushusha polepole, akajifuta nao machoni.

Hapo ndipo Dira alipotimua mbio. Aliruka kamba, msimamizi mmoja akamfokea, hakumsikia. Akaushika ule mkono kwa nyuma.

Mfamasia aligeuka, uso kaukunja. "Ulikuwa wapi wewe?" Hakungoja jibu. Alimpokonya zamu kwa kofi la kiganja, akachukua ramani yake akatokomea msituni.

"Nilikuwa hapo nyuma," alisema Dira, lakini mwenye swali alishaondoka.

Roketi aliiangalia soksi, akauangalia utepe wa kumalizia, na mambo yakamwingia. Dira alijiandaa kuchekwa. Roketi hakucheka.

"Kaka," alisema, "tumeshindwa kumzuia mzee. Kasema kama huonekani anaingia mwenyewe kukutafuta."

Mwenyekiti alikuwa anashuka kwenye kiti kwa shida, mguu mmoja kwanza. Tangu goti liharibike hakuwahi kuja uwanjani na viatu vya kukimbilia; alikuja na makubazi, akae, atazame muda, aondoke. Sasa alikuwa amevaa viatu vya akiba vya Roketi, vikubwa, vimempwaya, na kamba amezifunga fundo mbili mbili. Dira alitaka kusema samahani. Badala yake alikaa chini palepale mstarini na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.