Hakuna Anayemfukuza Kitsa

Kifuniko cha bidoni kililia gizani, krii, kidogo kidogo, maana mkono uliokifungua haukutaka kumwamsha mtoto. Nilijua ni Kitsa, anajaza chupa yake ya maji.

"Umeamuka?" akanong'ona.

"Kwani nililala?"

Ndiyo asubuhi ambayo mume wangu alisema atakimbia kutoka Butembo mpaka parokia ya Beni, kwa miguu yake, kujipima kabla ya mbio kubwa za mlima wa Ruwenzori. Mbio hizo alikuwa amenionyesha kwenye simu, na nilishtuka mpaka nikamziba mtoto wetu Kavuo macho. Watu wazima wenye nyumba zao wanapanda kwenye matope ya kufika magotini, mvua inawapiga, usiku na mchana hawalali. Mmoja anatapika kando ya njia, anajifuta mdomo, anaendelea. Mwingine amekaa juu ya jiwe analia, kucha ya mguu wake ameishika mkononi.

"Kitsa, hawa batu, nani anabafukuza?"

"Hakuna mutu."

"Basi kule juu kuna nini? Dhahabu?"

"Kuna njia ya kushuka," akasema, akacheka. Mimi sikucheka, kwa hiyo akaweka simu chini. "Mama Kavuo, sikiliza. Eringeti tulikimbia vita, nilikuwa mutoto, papa alinivuta mukono mupaka ukavimba. Mabalako tukakimbia tena, sufuria tukaiacha kwenye moto. Kila mara ni mutu mwingine njo ananichagulia saa, ananichagulia na njia. Mimi nataka mara moja nikimbie sababu nimependa mwenyewe. Na iwe pahali pagumu kabisa, nione kama hii miguu ni yangu."

Nikakubali. Jioni nikienda masomo ya watu wazima, ni yeye anamlisha Kavuo na kumlaza. Alinipa jioni zake, nikampa asubuhi zangu. Nikamshonea hata kaputula, ya njano, kutoka pazia letu la zamani.

Alipotoka, mimi na Kavuo tulingoja jua, tukapanda taksi kwenda kwa mama yake Kitsa, Mama Adèle, anayekaa Beni karibu na bariere ya kuingilia mjini, pale askari wanakagua watu. Tulimkuta Kitsa kwenye mpando wa Kabasha. Kavuo akampungia mkono, lakini baba yake hakutuona. Tope lilikuwa limempanda mpaka shingoni, mdomo wazi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetoka kupokea Komunyo. Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa ile video. Mume wangu alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumpa.

Mama Adèle hakujua kitu. Mimi na Kitsa tulipatana kwamba atajua siku hiyo hiyo, mwanawe akisimama mlangoni. Tulikuwa tumefikiria maji, chumvi, ndizi za kula njiani. Watu wa Beni hatukuwafikiria.

Mchana tulikuwa uani tunachambua maharagwe, na jirani yake Josée anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, tuliposikia barabarani miguu mingi. Miguu tu, hakuna kelele. Kisha mtu mmoja akalia, "Banakuya!"

Hakuna aliyeuliza ni nani wanaokuja; kwetu wanaokuja hivyo ni waasi tu. Mama Adèle aliinuka na maharagwe yakamwagika yote. Mimi nilimtupa Kavuo mgongoni, nikafunga kitenge nikiwa tayari nakimbia. Kwaya ilitoka kanisani na vitabu vya nyimbo mkononi. Mzee mmoja alibeba godoro kichwani. Josée alikimbia pembeni yangu na mchi wake, na mume wake akimfokea, "Tupa hiyo kitu!" naye hasikii. Moyo wangu ulikuwa unasema jina moja tu. Kitsa yuko njiani. Kitsa yuko upande ule ule wanakotoka.

"Nani ameona?" nikapiga kelele.

"Mimi!" akajibu mama mmoja aliyetoka shambani. "Kwa macho yangu! Mwanaume, tope mupaka kichwani, anatoka upande wa Butembo mbio kabisa! Sisi tukakimbia, na yeye akaongeza mbio!"

"Amevaa nini?"

"Kaputula ya njano!"

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Watu wakanigonga, wakanipita. Mungu wetu Nyamuhanga! Mji mzima ulikuwa unamkimbia mume wangu, na yeye alipoona watu wanakimbia, akafikiri kuna vita nyuma yake, akatia nguvu kuwafuata.

Nikageuka, nikaenda kinyume cha watu mpaka bariere. Kitsa alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, mikono kichwani. Askari watatu walikuwa wamemwelekezea bunduki. Mkubwa wao aliitwa Tshibangu, mtu wa Kasai.

"Nani anakufuata?"

"Hakuna mutu, chef."

"Benzako bako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Umetoka wapi?"

"Butembo."

"Mbio? Mupaka hapa? Kufanya nini?"

"Kukimbia tu, chef."

Kila ukweli aliosema ulimzidishia hatari. Niliona kidole cha askari mmoja kinasogea.

"Chef, ni bwana yangu!" Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. "Hiyo kaputula nilishona mimi. Muangalie pindo, ni uzi mweupe!"

Tshibangu aliangalia pindo kweli. Nikampa simu ya Kitsa iliyokuwa imeangukia matopeni, nikamfungulia ile video. Akaitazama yote, hata yule wa kucha.

"Mama na ngai!" akamwita mama yake kwa Kilingala. "Sisi banatukimbiza kila asubuhi, na tunalaani. Wewe unafanya hivi kwa kupenda? Ndeko, ndugu yangu, uko muzima kweli?"

Bunduki zikashuka. Lakini watu nao walikuwa wanarudi, na wao hawakucheka.

"Viatu yangu imebaki kwenye matope!"

"Maharagwe yangu imeungua!"

"Mwendawazimu! Kama ni mazoezi, ufanye kwenye nyumba yako!"

Mama Adèle alifika miguu mitupu, anahema. Alimtazama mwanawe.

"Nilikuzaa nikiwa nakimbia. Na leo wewe njo unanikimbiza?"

"Mama, musamaha."

"Hapana. Inua mukono. Uape mbele ya hawa batu kwamba hutakimbia tena maisha yako yote."

Kitsa akainua mkono. Alikuwa anaangalia chini.

"Mama, asiape."

Nilitafuta nani amesema hivyo. Kumbe ni mimi. Kumpinga mama mkwe, na barabarani!

"Ni wewe njo unasema?"

"Ni mimi, mama. Batu bamekimbia sababu habakujua. Basi baambiwe. Imebaki njia ya kufika parokia tu. Mimi nitatangulia mbele yake, nitaita."

Mama Adèle aliangalia miguu ya mwanawe. Damu ilikuwa imepenya soksi. Nikangoja anitukane.

"Kwanza anywe maji," akasema.

Tshibangu akasimamisha pikipiki ya taksi iliyokuwa inapita. "Wewe, beba huyu mama. Polepole." Nikapanda, Kavuo akakaa mbele ya dereva, akishika usukani. Nyuma yetu Kitsa aliinuka, akachechemea hatua kadhaa, kisha akaanza tena kukimbia, hivyo hivyo na tope lake.

Nikaita, "Ni mbio tu! Hakuna kitu!" Nikaita mpaka koo likakauka. Kwenye kona, wanawake wenye mabeseni ya ndizi wakamwona anakuja. Mmoja akaanza kushusha beseni lake, mguu umeshageuka. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka.

Kavuo akasimama kwenye pikipiki, akapaza sauti:

"Musikimbie, ni papa yangu!"