Futa Majina

…na kidole kiko juu ya kitufe, majina yote ya walioitengeneza programu hii yameshawekewa kivuli cha buluu, nikibonyeza tu yanafutika, linabaki la duka la mjomba peke yake, ndivyo alivyoninong'oneza pale mlangoni, futa hayo majina ya watu, weka letu, mteja akijua kitu ni cha bure atalipia nini, na mteja mwenyewe ndiye huyu nyuma yangu, mama mwenye duka la dawa, kiti kinalia kila akijigeuza, "Kaka, hii programu kweli umeitengeneza wewe?" na mjomba anacheka kicheko chake cha kuvuta muda, "Dada yangu, sisi hapa hatulali," jibu lisilo jibu… si mtu mbaya mjomba, alinichukua karo iliponitoa shule, na ameapa kazi hii ikikubali muhula ujao narudi darasani, nitaketi na waliokuwa nyuma yangu, wanicheke, sijali, nirudi tu… lakini haya majina, huyu wa pili ndiye aliyenijibu mtandaoni programu ilipokataa kuonyesha dawa zilizopita muda, sura yake siijui, alinielekeza pole pole kama anayemshika mtu mkono gizani, na leseni yao inasema uza ukitaka, badilisha ukitaka, ila majina yaache, mjomba anadhani cha bure ni cha kuokota… na chini kabisa, la mwisho, jina langu, maana Kiswahili cha programu hii nilikiandika mimi, Hifadhi, Tafuta, Dawa Imekwisha, wakakipokea, wakaniingiza kwenye orodha yao, mjomba hajui, hajawahi kusoma mpaka chini, ananiambia nijifute na hajui… "Binti, vipi, imekwama?" "Bado kidogo, mama," sauti yangu nyembamba kama ya mwizi… "Maana mimi nimeshaumwa na nyoka," anamwambia mjomba, "yule muuzaji wa kwanza aliniuzia programu yake, ikagoma, simu hapokei, wateja wamejaa dirishani wananitukana. Niambie, ikigoma nani atakuja? Mimi hilo ndilo ninalolipia." "Atakuja huyu huyu mpwa wangu, hata mvua inyeshe"… analipia kuja, mjomba, umesikia, au unaisikia sauti yako tu, hanunui programu, ananunua miguu yangu, ananunua kufundishwa, kupokelewa simu, na hivyo tunavyo, havina jina la mtu mwingine… au nikisema ukweli atainuka, achukue mkoba wake, na muhula uende nao, inawezekana… "Haya mpwa wangu, malizia," na kikohozi cha kunisukuma, na kivuli cha buluu bado kipo, kidole bado kipo, hakuna kilichosogea chumbani humu, ila maneno yameshajipanga mdomoni, mama, sogeza kiti nikusomee walioitengeneza, nitaanza juu, nisiharakishe, nishuke mpaka la mwisho, na nikifika hapo nisipunguze sauti…