Sakafu ya Chini ya Kitanda

Siku ile Mshonaji hakutulia. Akikaa, anasimama, akisimama, anakwenda dirishani kutazama kama fundi wa vigae anakuja, akirudi, anapima tena chumba alichokwisha kukipima asubuhi. Mama yake mzazi alikuwa anatoka hospitali Jumamosi, na nyonga yake iliyoungwa haikutaka mzaha. Alikuwa ameanguka chumbani mwake mwenyewe, akielekea chooni, kidole cha mguu kilipoingia kwenye ufa wa sakafu. Daktari alisisitiza jambo moja tu: asijikwae tena.

Basi sakafu ilikuwa lazima itengenezwe. Na kwa kuwa fundi anakuja, Mshonaji akaona sebule nayo ipate. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na ulimi wa wembe. Kila akija hukunja gauni mpaka magotini kama anavuka mto, akisema, "Mama Pacha, hapa kwenu mtu aje na mabuti."

Hesabu aliiandika kwa chaki ya kushonea, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Akapima sebule kwa utepe wake wa shingoni, akapima ujia wa kwenda chooni, akapima chumba cha mama. Jumla ilipotoka, akaifuta kwa kiganja upesi, kama mtu aliyeona nge. Fedha aliyokuwa nayo ni ya sare za shule alizoshona tangu mwaka uanze, na haikuifikia jumla ile hata kwa kuchungulia.

Hapo ushonaji ukampa akili, na akili nyingi huondoa maarifa. Koti zuri halishonwi kwa kitambaa kizuri kila mahali. Mfuko wa ndani hupewa kitambaa hafifu, maana nani anauona? Akachukua utepe, akapima upya, safari hii akiruka chini ya kabati la vyombo, chini ya makochi na chini ya kitanda cha mama. Alipima sakafu ya kuonekana tu. Jumla ikanywea. Akamwita mumewe aje aone.

Mume alisogea na kikombe mkononi. "Na chini ya kitanda?"

"Chini ya kitanda kuna nani?"

"Kuna sanduku la mama."

"Sanduku nalo linataka vigae?"

Mume akacheka, akarudi kwenye chai yake. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nyumba ingeshika moto, angeuliza kwanza kama birika limeokolewa.

Vigae vikanunuliwa, vile vya kukwaruza visivyoteleza, maboksi yakapangwa sebuleni kimo cha kiuno. Kumbe ndiyo kwanza gharama inaanza kuzaa. Kitu gani ukikinunua kimoja kinakuja na ukoo wake? Wengine watasema ng'ombe mwenye mimba. Mshonaji angesema kigae. Fundi alipofika na ndoo yake na mashine ya kukatia, hata salamu haijapoa, akauliza saruji iko wapi. Na mchanga. Na saruji nyeupe ya kuziba nafasi kati ya kigae na kigae. Na vigae vya ziada, kwa sababu kwenye kukata vya pembeni lazima vingine vipasuke. Na ule ufa ujazwe kwanza, sakafu isawazishwe, na kazi hiyo ina ujira wake kabla kigae cha kwanza hakijalala.

"Na ujira wote jumla?" Mshonaji akauliza.

Fundi akautaja. Mshonaji akaenda dirishani.

"Dada yangu, ukitazama nje bei haishuki."

"Natafuta hewa."

"Hewa ni bure, itafute taratibu. Lakini uniambie nianze au nisianze. Nina nyumba nyingine, na mwenyewe ameshanipigia mpaka simu imechoka."

Mshonaji akamwomba apange kwanza vigae vikavu chumbani kwa mama, bila saruji, aone vitakavyokaa kuzunguka kitanda.

"Kuzunguka?"

"Kuzunguka. Kitanda hakiondoki."

Fundi akainua mabega. "Nyumba ni yako. Ukitaka nikupangie darini, nitaleta ngazi."

Akapanga, akiviinua kwa vipande vya mbao mpaka kimo ambacho saruji ingevifikisha. Vilipendeza. Mshonaji, miguu ikimwaka, akajitupa kwenye kitanda cha mama yake apumzike kidogo. Nyayo zake zikashuka kwenye sakafu ya zamani, chini kuliko alivyotarajia, kama zimeingia kwenye sinia. Mara akakumbuka hajaulizia bei ya mchanga, akainuka kumwahi fundi mlangoni. Kidole gumba kikagonga ukingo wa kigae, kigae kikaruka, naye akajikuta amekumbatia ukuta.

Hakulia. Alibaki pale, shavu ukutani. Ukingo wenyewe haukuzidi upana wa vidole viwili. Mtoto angeuruka akiimba. Lakini mama yake angeshusha miguu gizani, aiburure, na mwanawe wa kumzaa ndiye angekuwa amemtegea cha kumwangusha, tena kwa gharama, tena cha kupendeza.

"Kitanda kitoke," akasema.

"Si ulisema hakiondoki?"

"Kitoke. Na sebule iache."

"Sebule yote?"

"Yote. Sebule haina nyonga."

Akarudi mezani na chaki. Vigae vya sebule vichache vikaenda chini ya kitanda, vichache vikawekwa kwa ajili ya kuvunjika. Maboksi yasiyofunguliwa mume akayarudisha dukani kwa mkokoteni, akinung'unika njia nzima, na mwenye duka akayapokea baada ya kukata chake cha usumbufu. Iliyobaki ikawa saruji, mchanga na ujira. Ikaisha kabisa. Ndipo mlango wa chumba ukakataa kufunguka, maana sakafu ilikuwa imepanda. Seremala wa kuupunguza chini alitaka fedha, na fedha haikuwepo. Mshonaji akaung'oa mlango, akashona pazia kwa mabaki ya sare.

Jumamosi mama akaletwa, na mkongojo wake wa chuma wenye miguu minne, akalazwa. Muda si mrefu wifi akaingia na shoga zake wawili. Akatazama sebule, akaona nyufa zilezile, akakunja gauni.

"Nilisikia kuna vigae."

"Vipo."

"Viko wapi, mfukoni?"

"Chini ya kitanda cha mama."

Shoga zake wakaziba midomo. "Jamani," wifi akasema, "wenzenu huficha pesa chini ya kitanda, wewe Mama Pacha umeficha sakafu."

Yalimchoma. Alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu aliposikia kitanda kikilia, kisha chuma kikigusa sakafu. Mama ameinuka peke yake. Mshonaji akataka kukimbia, akajishika kwenye kochi. To, halafu nyayo. To, halafu nyayo. Hakuna aliyesema neno, hata wifi. Sauti ikatoka chumbani, ikapita pazia, ikafuata ujia bila kusita popote, mpaka komeo la choo likalia.

"Kitendawili," mama akaita kutoka ndani.

"Tega," wakajibu wote.

"Tunatembea kwa miguu sita, mwenye viatu ni mmoja."

Wifi akafikiri. "Wewe na mkongojo wako, mama."

"Umepata. Haya, ongeeni mengine huko. Mkininyamazia hivyo nashindwa kujisaidia."