Mlima Wenye Dirisha Moja

Nyumbani kwa Munir, pale Oud Metha, kawa linalofunika chakula cha Ijumaa halifunuliwi mpaka wa mwisho aketi. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, Bi Ummulkheir, huko Mombasa, na ndivyo walivyoendelea kula Dubai: sinia moja, mikono ya nyumba nzima. Ijumaa hiyo ya mwaka 2015 aliyengojwa alikuwa Hashir, mwana wa Munir, aliyekuwa akifundisha watu kuteleza kwenye theluji ndani ya ukumbi wa baridi wa jumba la maduka.

Alipoketi, hata tonge hajatia, akatoa simu. "Tazameni. Uswisi. Njia nyeusi tupu, zile za mabingwa, mteremko kama ukuta."

"Mama yako huanguka akiwa amesimama," akasema Munir, "nawe wamwonyesha ukuta."

"Na wewe ulivyomkumbatia yule mtoto wa Kirusi kule ukumbini ili usianguke?" akauliza Hilwa, mkewe, na sinia zima likacheka.

Safari ilikuwa ya Desemba, watu watano. Kazi ya kuchagua mahali alipewa Arwa, dada yake Hashir, aliyekuwa akipokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Mtu anayeweza kuzungumza kwa simu mchana kutwa na wenye maumivu ya jino, asipandishe sauti, hawezi kushindwa na mahoteli.

Lakini wote, bila kujijua, walikuwa na mlima mmoja tu kichwani: ule wa dukani. Pale, stadi na anayejifunza hushukia mahali pamoja, na Bi Ummulkheir huketi mkahawani nyuma ya kioo na chai yake ya maziwa, akiwaona wote. Anayeanguka humpungia mkono, ajue hakuumia. Walidhani Ulaya ni vivyo hivyo, ila kukubwa zaidi. Kwa hiyo Uswisi ilipitishwa kabla wali haujaisha. Jioni ile Bi Ummulkheir alilitoa kabatini koti zito la marehemu mumewe, aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za Hamburg, akalitundika roshani lipate upepo. Hakumwambia mtu.

Siku chache baadaye Arwa alirudi kutoka kazini uso umemshuka. Kule kwenye picha ya Hashir, alisema, wanaojifunza hubaki bondeni. Stadi huvutwa juu, huvuka mlima wa pili na wa tatu, hurudi jua likizama. Na asiye na ski, zile mbao za kutelezea, miguuni hapandishwi kabisa.

"Sasa nyanya atakaa wapi?" akauliza Arwa.

"Hotelini," akasema Munir. "Kuna joto, kuna televisheni." Hakuwa na ubaya. Alikuwa ametoka kupakua mizigo uwanja wa ndege, na kwake yeye kuketi penye joto bila kazi ilikuwa zawadi.

"Mimi nitabaki," akasema Bi Ummulkheir. "Mirehani yangu nani ataimwagilia?"

Alisema kwa upole, asibembelezwe. Alijua wakimbembeleza watasafiri na uzito moyoni. Akaenda roshani kulianua koti. Alipogeuka, Arwa alikuwa mlangoni. Msichana hakuuliza koti ni la nini. Alilipokea, akalikung'uta mabega, akalirudisha palepale lilipokuwa limetundikwa.

Tangu siku hiyo, kila alipotoka kazini Arwa alivua viatu, akaketi miguuni pa nyanya yake, akapiga simu Ulaya. Kiingereza cha Bi Ummulkheir kilikuwa cha kuombea maji, lakini maswali aliyazoea, kwa kuwa hayakubadilika: asiyeteleza anaweza kupanda? Anayejifunza anajifunzia wapi? Mchana watakula pamoja? Watu wa huko walimsifia theluji yao, vilele vyao, mabwawa yao ya maji moto. Arwa aliwaacha wamalize, akawashukuru, akauliza tena. Mmoja alimcheka. Arwa akacheka naye, kisha akauliza tena. Bi Ummulkheir alikuwa akikitazama kichwa kile kilichoinamia simu, akaona kwamba subira ile haikufundishwa na kliniki yoyote. Mtoto alikuja nayo duniani.

Ijumaa iliyofuata, kawa lilipofunuliwa, Arwa aliukusanya wali katikati ya sinia ukawa mlima.

"Wali hauchezewi," akasema Munir.

"Siuchezei, baba, naueleza." Akabandika kiazi ubavuni mwa mlima. "Hiki ni mkahawa. Kijiji kidogo, Austria. Kutoka chini watu hupanda kwa vyumba vya kioo vinavyovutwa na waya, mwenye ski na mwenye bakora sawasawa. Uwanja wa wanaojifunza uko hapahapa, mbele ya mkahawa." Akakokota kidole kutoka kileleni, huku na huku, na kila mfereji ukaishia kwenye kiazi. "Na wanaotoka juu, wote wanashukia hapa."

Hashir akaukodolea macho ule wali. "Njia nyeusi ngapi?"

"Moja."

"Moja? Nitaimaliza kabla ya chai."

"Utaimaliza. Ndiyo hasara yake, sikufichi."

Ndani ya ukumbi ule wa dukani mteremko huisha kabla mtu hajavuta pumzi, na Hashir alikuwa ameuota mlima wa kweli miaka mingi. Bi Ummulkheir alimwona akimeza mate bila tonge. Akafungua kinywa aitaje tena mirehani. Lakini mjukuu alikwisha kukivunja kile kiazi. Nusu akala, nusu akaisukumia upande wa nyanya yake.

"Nikimaliza nitamfundisha mama kusimama," akasema. "Hiyo ndiyo njia nyeusi kweli."

"Mtoto huna adabu," akasema Hilwa, akijizuia kucheka.

"Khalas," akasema Munir. "Austria."

Metrine, jirani wa mlango wa pili, alijitolea kuitunza mirehani hata kabla hajaombwa.

Desemba ilipofika, Bi Ummulkheir aliupanda mlima ndani ya koti la mumewe, nusu ya njia akiwa amefumba macho. Arwa alimshika kiganja, wala hakumwambia asiogope. Juu, dirisha la mkahawa lilikuwa pana kama ukuta, na nje theluji ilianguka yenyewe, bila mashine. Hashir akateremka kutoka kileleni kama kitambaa kinachovutwa, akasimama mbele ya kioo, akampigia saluti. Munir akafuata, kwa kelele zaidi.

Walipoingia na kuketi, mhudumu akaleta kikaango kikubwa cha chapati nene ya mayai, tamu, iliyochanwachanwa. Haikuwa na zabibu. Kule huzilowesha kwenye pombe, na Arwa alikuwa amepiga simu mapema zisitiwe.

Munir akanyoosha mkono. Mama yake akakifunika kikaango kwa sahani.

"Mama, itapoa."

"Ipoe."

Nje, Hilwa alikuwa bado katikati ya uwanja, mikono ameitanua, akiteleza polepole kama mwenye kubeba trei ya glasi. Akaanguka. Kabla hajajifuta theluji usoni, akainua mkono kuelekea dirishani. Bi Ummulkheir akampungia, na mkono wake wa pili haukutoka juu ya sahani.